Ubao Shirikishi Mbele ya Wanafunzi 64: Uchambuzi wa Kisa cha Shule Moja ya Kisumu

Shule inayozungumziwa hapa ni ya umma, iko pembezoni mwa jiji la Kisumu, na kama shule nyingi za msingi nchini ilianza kulea wanafunzi wa sekondari msingi mwaka wa 2023, kundi la kwanza la Gredi ya 7 chini ya mtaala wa umilisi lilipobaki katika shule za msingi. Pamoja na mzigo huo mpya, ilipata kutoka kwa mfadhili ubao shirikishi mmoja, ule ambao walimu wenyewe huuita smatibodi: ubao mweupe unaohisi mguso, projekta iliyofungwa juu yake kwa mkono mfupi wa chuma, laptopu, na kalamu mbili zisizo na wino. Uliwekwa katika chumba cha Gredi ya 8, chenye wanafunzi 64. Baada ya mihula miwili, bodi ya usimamizi iliuliza swali ambalo ilikuwa haki yake kuuliza: je, pesa za taa ya projekta na za fundi ziendelee kutolewa, au kifaa kifungiwe stoo? Matokeo ya Hisabati hayakuwa yamesogea, na wazazi kadhaa walikuwa wamelalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na madaftari yaliyojaa maandishi ambayo hawawezi kuyaeleza. Mwalimu mkuu aliniomba nikae darasani nitazame vipindi, kisha nizungumze na walimu. Nimeliacha jina la shule na majina ya wote waliohusika, kwa sababu kisa hiki kinaweza kuwa cha shule nyingi.

Kipindi cha kwanza nilichokitazama kilihusu mduara: kipenyo, nusukipenyo, mzingo na thamani ya pai. Kilianza saa nane mchana na kilipaswa kuchukua dakika 40. Laptopu ilichelewa kuwaka. Ilipowaka, picha ilikuwa imesogea kidogo, kwa hiyo kila mwalimu alipogusa mahali fulani, alama ilitokea upana wa kiganja upande wa kulia. Ilibidi aanzishe upya zoezi la kugusa misalaba inayojitokeza moja baada ya nyingine, ili ubao ujue picha imeanguka wapi. Karibu robo ya kipindi iliishia hapo, huku darasa zima likingoja kwa utulivu uliozoea kungoja.

Kisha zikaja slaidi. Zilikuwa nyingi, safi, zenye rangi, na zimeandaliwa kwa bidii ambayo hakuna anayeweza kuitilia shaka. Mwalimu alikuwa ametumia mwisho wa juma kuzitengeneza. Kila slaidi ilikuwa na maelezo kamili, fomula na mfano uliokwisha kufanyiwa kazi hadi jibu la mwisho. Wanafunzi walinakili. Kila baada ya slaidi chache lilitokea swali lenye majibu manne, mwanafunzi mmoja akaitwa mbele, akagusa jibu, ubao ukatoa mlio wa kumpongeza, naye akarudi kuketi. Wengine 63 walikuwa bado wanamalizia kunakili slaidi iliyotangulia. Nilimuuliza msichana aliyekuwa kando yangu kwa nini katika mstari wa tatu walikuwa wamegawanya kwa mbili. Alitazama daftari lake kwa makini, akaniambia kwa heshima, "Sijui, mwalimu, lakini ndivyo ilivyokuwa kwa ubao."

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa hiki. Ubao ulikuwa umejaa mawazo ya mwalimu, tena yaliyokwisha kukamilika, na hapakuwa na wazo hata moja la mwanafunzi juu yake. Mguso ulikuwepo, ushirikishi haukuwepo. Chombo kilichonunuliwa ili watoto wafanye kazi mbele ya wenzao, wabishane na wasahihishe, kilikuwa kimegeuka kitabu kikubwa ambacho kurasa zake zinafunguliwa kwa kasi ya mwalimu.

Tulipokaa baadaye katika chumba cha walimu, mwalimu huyo hakujitetea. Aliuliza swali ambalo kila mwalimu wa Kenya angeuliza: "Mwalimu, nikiacha slaidi, silabasi nitaimaliza lini?" Ni swali zito. Kwa slaidi alikuwa anapita mada mbili katika muda ambao zamani, kwa chaki, alipita moja. Nilimwonyesha madaftari ya wanafunzi sita tuliyoyaokota bila kuchagua. Katika manne, zoezi la nyumbani lilikuwa limekosewa kwa namna ileile: nusukipenyo kilikuwa kimewekwa mahali pa kipenyo. Mada ilikuwa imemalizwa kwenye rekodi ya kazi, na kwa watoto ilikuwa haijaanza.

Hali hii si ya Kisumu peke yake. Uingereza iliweka mbao hizi kwa wingi katika shule zake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tathmini iliyofanywa na Taasisi ya Elimu ya Chuo Kikuu cha London, iliyotolewa mwaka wa 2007, ilichunguza shule za sekondari za jiji hilo katika Kiingereza, Hisabati na Sayansi. Takwimu zake hazikuonyesha kwamba kuongezeka kwa mbao kulipandisha alama katika mwaka uliochunguzwa. Zaidi ya hapo, watafiti waliona kwamba katika madarasa ya wanafunzi wanaojikongoja, kumwita mmoja mmoja aje aguse ubao kuliweza kupunguza kasi ya kujifunza ya darasa zima, kwa kuwa wengine wote hukaa bila kazi. Ikiwa hilo lilitokea katika madarasa yenye wanafunzi wachache zaidi, tutarajie nini mahali walipo 64?

Upande wa pili kuna utafiti wa Robert Marzano, mtafiti wa elimu wa Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2009 na kuagizwa na Promethean, kampuni inayotengeneza mbao hizo, jambo ambalo msomaji anafaa kulikumbuka. Walimu 85 walifundisha somo moja kwa madarasa mawili, moja kwa ubao na jingine bila ubao. Kwa wastani madarasa yenye ubao yalifanya vizuri zaidi, lakini katika asilimia 23 ya visa, mwalimu yuleyule alipata matokeo bora alipoacha ubao. Marzano alipotazama kanda za vipindi hivyo, aliona makosa yanayofanana na niliyoyaona Kisumu: picha na maandishi mengi kwenye ukurasa mmoja, slaidi zinazofuatana bila wanafunzi kupewa nafasi ya kuzitafakari, na milio ya pongezi inayovuta macho kwenye mchezo badala ya kwenye sababu ya jibu kuwa sahihi.

Kwa hiyo kosa halikuwa la mwalimu huyu kijana. Mafunzo aliyopewa na waliouleta ubao yalikuwa ya alasiri moja, na yote yalihusu vitufe: wapi pa kubofya, namna ya kubadilisha rangi, namna ya kuzima. Hakuna aliyemwambia afanye nini na watoto 63 wakati mmoja ameshika kalamu.

Kabla ya kugusa ufundishaji, ilibidi tushughulikie chumba, maana hakuna mbinu inayofaa ikiwa mtoto wa nyuma haoni. Kisumu iko kilomita chache tu kusini mwa mstari wa ikweta, hivyo jua la alasiri huingia madirisha ya magharibi saa zilezile karibu mwaka mzima. Hakuna msimu wa kungojea lipungue. Saa nane mchana picha ya projekta ilikuwa imefifia hadi maandishi ya rangi ya manjano hayakuonekana kabisa. Isitoshe, ni alasiri ambapo mawingu ya ziwani hujikusanya na radi kuanza, na stima huwa haichelewi kupotea. Mwalimu mkuu alikubali kubadilisha ratiba ili Hisabati na Sayansi za Gredi ya 8 zifundishwe kabla ya mapumziko ya saa nne, na madirisha mawili yaliyo karibu na ubao yakashonewa mapazia mazito ya khaki. Mapazia hayo yalisaidia kuliko kitu kingine chochote kilichonunuliwa.

Mambo mengine ya chumba yalikuwa madogo. Laptopu huwashwa na mguso kusahihishwa kabla ya kengele, na jukumu hilo wamepewa wanafunzi wawili kwa zamu ya juma. Maandishi ni meusi juu ya ukurasa mweupe, na ukubwa wake hupimwa kwa mwalimu kwenda kusimama nyuma ya dawati la mwisho. Theluthi ya juu ya ubao imeachiwa mwalimu, kwa sababu fundi aliufunga kwa kimo cha mtu mzima na watoto hawafiki huko. Ubao wenyewe ni wa aina ya zamani inayopokea mguso mmoja kwa wakati: kiganja kikiulalia huku ncha ya kalamu inaandika, mstari huruka hadi katikati ya sehemu hizo mbili. Wanafunzi walikuwa wakidhani umeharibika. Walipoelezwa, walianza kuandika mkono ukiwa umeinuliwa, na tatizo likaisha.

Kipindi cha mduara kilirudiwa. Hapa inafaa nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo yaliyobadilika yanapoonekana.

Siku iliyotangulia mwalimu aliwaagiza wanafunzi waje na kitu chochote cha mviringo pamoja na uzi. Asubuhi madawati yalikuwa na vifuniko vya chupa, sahani, sufuria za mafundi wa jua kali ambazo mmoja alisema mama yake huuza katika soko la Kibuye, ndoo, na rimu ya baiskeli iliyokuja begani mwa mvulana mmoja. Waligawanywa katika makundi 12. Kila kundi lilizungusha uzi kwenye chombo chake, likaunyoosha juu ya rula, likaandika mzingo. Kisha likapima upana katikati, likaandika kipenyo. Ubao ulikuwa wazi, hauna chochote isipokuwa jedwali tupu la safu mbili na, kando yake, mihimili ya grafu iliyofunguliwa kwa GeoGebra, programu ya bure ya Hisabati inayofanya kazi hata pasipo intaneti.

Kabla ya namba yoyote kuandikwa, mwalimu aliuliza: "Mkiweka alama za makundi yote kwenye grafu hii, zitakaa vipi? Zitatawanyika, zitapinda, au zitanyooka?" Kisha akanyamaza. Kila mmoja alipaswa kuchora ubashiri wake kwenye daftari na kumweleza jirani sababu. Dakika mbili hizo zilikuwa na kelele, za Kiswahili, Kiingereza na Dholuo, na mwalimu hakuzizima. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja sekunde moja hivi tu baada ya kuuliza, na kwamba wakingoja tatu au zaidi majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja. Ubao wa kidijitali huzidisha haraka hiyo, maana slaidi inayofuata iko umbali wa mguso mmoja. Hapa hapakuwa na slaidi inayofuata.

Ndipo mjumbe wa kila kundi alipopita kuandika namba zake, na kwa kila jozi, alama ikatokea kwenye grafu. Sufuria: kipenyo sentimita 24, mzingo 75. Sahani: 20 na 63. Mdomo wa ndoo: 30 na 94. Kifuniko cha chupa: 3 na 9.5. Rimu ya baiskeli ilikuwa mbali juu kabisa kulia, nayo ilikuwa kwenye njia ileile. Darasa lilianza kunong'ona alama zilipokuwa zikijipanga. Kisha kundi la nane, lililopima kifuniko cha sufuria, likaandika 12 na 75, na alama yao ikaruka juu, peke yake, mbali na nyingine zote.

Mwalimu alikuwa na njia rahisi ya kuifuta. Aliiacha. Akauliza darasa, si kundi lile, ni nini kingeweza kutokea. Mmoja akasema uzi ulizungushwa mara mbili. Mwingine akakataa: uzi ungezungushwa mara mbili mzingo ungekuwa maradufu, lakini 75 ni sawa na ya sufuria ya kundi la pili, na kifuniko chao kinafunika sufuria hiyohiyo. Palikuwa na kimya kifupi, kisha msichana wa kundi la nane akasimama mwenyewe akasema, "Tulipimia katikati hadi ukingoni." Alikuja mbele, akaishika ile alama kwa kidole na kuivuta kulia hadi 24, ikaketi pamoja na wenzake. Kosa lilelile nililolikuta kwenye madaftari manne kati ya sita lilikuwa limeonekana kwa macho ya watu 64, likaelezwa na kusahihishwa na aliyelifanya.

Baada ya hapo kuchora mstari na kugawanya mzingo kwa kipenyo ili kupata tatu na kitu kidogo ilikuwa kazi ya dakika chache. Fomula iliandikwa mwishoni, kwa mkono wa mwanafunzi.

Tuangalie ubao ulifanya nini hasa katika kipindi hicho, kwa kuwa ni rahisi kusema kwamba sifa zote ni za uzi na sufuria. Kupima kungewezekana kwa chaki, na jedwali pia. Ambacho chaki isingeweza ni kuonyesha alama ya kila kundi mara tu namba ilipoandikwa, bila mwalimu kugeuka na kuchora, na kuiruhusu alama isogezwe ili darasa lione kinachotokea kipimo kinapobadilika. Jambo la pili ni kwamba ukurasa ulihifadhiwa. Siku mbili baadaye, eneo la mduara lilipoanza, mwalimu aliufungua ukurasa uleule wenye mwandiko wa wanafunzi na ile alama iliyovutwa, naye hakuhitaji kueleza upya. Kwangu mimi uwezo huo wa kurudi kwenye kazi ya jana kama ilivyoachwa ndio wenye thamani kubwa kuliko vyote vilivyomo katika kifaa hiki, na ndio ambao walimu wengi hawautumii.

Walimu wengine walifuata kwa njia zao. Wa Sayansi alipakua kwenye laptopu majaribio ya kidijitali ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka wa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Alitumia lile la kuunganisha betri na balbu, akiwataka wanafunzi waandike kwanza ni balbu ipi itang'aa zaidi kabla ya swichi kufungwa. Wa Kiswahili alipiga picha aya moja ya insha kwa idhini ya mwandishi, akaficha jina, na darasa likaihariri sentensi kwa sentensi, mapendekezo yakiandikwa kwa rangi tofauti juu ya maandishi ya awali bila kuyafuta. Insha hizo zilikuwa bora wiki iliyofuata, nami nilizisoma.

Sitaki kuficha yaliyoshindikana. Mwalimu mmoja mkongwe, hodari kwa chaki, alijaribu kisha akarudi kwenye ubao mweusi, na nilimuunga mkono. Vipindi vyake vilikuwa na maswali mazuri tangu mwanzo, na kifaa kilikuwa kinamkatiza. Stima ilipotea katikati ya kipindi kimojawapo cha Sayansi. Tangu siku hiyo kila andalio la somo lina mstari unaosema kitakachofanyika giza likiingia, na ubao mweusi wa ukuta wa kando hauondolewi. Maandalizi nayo ni mazito: kipindi kama kile cha mduara kinahitaji muda, na mwalimu mwenye vipindi vingi kwa juma hawezi kuandaa vyote namna hiyo. Walikubaliana kila mmoja aandae kimoja kwa wiki mbili na kukihifadhi katika flashi inayotunzwa na naibu wa mwalimu mkuu, ili TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, ikimhamisha mwalimu, kazi yake isihame naye. Bodi ya usimamizi iliidhinisha pesa za taa ya projekta kwa sharti hilo la flashi, na kwa sharti la pili kwamba mafunzo yajayo yaongozwe na walimu wenyewe darasani.

Kuhusu silabasi, mwalimu wa Hisabati alimaliza muhula akiwa nyuma kwa mada moja. Aliona afadhali hivyo, na mwalimu mkuu alikubali, ingawa si bila mjadala mrefu.

Suala moja waliliamua kinyume na nilivyotarajia, na nadhani waliamua vyema. Ubao una bikari na protrakta za kidijitali zinazochora tao na pembe pasipo kutetereka, na mwalimu alikuwa amezipenda. Lakini tathmini ya Gredi ya 9 inayosimamiwa na KNEC, baraza la mitihani la Kenya, hufanywa kwa karatasi, na mtoto atakuwa na bikari ya chuma mkononi, yenye skrubu iliyolegea na penseli inayoteleza. Ujenzi wa maumbo kwa hiyo unafundishwa kwa bikari kubwa ya mbao kwenye ubao mweusi, mwalimu akionyesha namna ya kukaza mkono na kuizungusha kwa kishikio chake cha juu. Ubao shirikishi huwashwa mwishoni tu, kulinganisha michoro miwili mitatu ya wanafunzi iliyopigwa picha, ili darasa litafute ni wapi tao lilikosa kukutana.